Nesi wa Zamu ya Usiku, sehemu ya 9: Pizza ya pili

Kama umekaa unanyonyesha na simu iko mkono wa pili, soma polepole. Leo sina haraka.

Najua niliahidi kuandika kuhusu homa ya watoto. Itakuja. Lakini nataka kwanza kukueleza kuhusu Jumanne iliyopita, kwa sababu nikingoja nitapoa, halafu nitaandika kama nesi, na hii sitaki kuiandika kama nesi peke yake.

Mamangu alinipigia saa moja asubuhi, ndio kwanza natoka wodini. Hata salamu hakutoa. "Leo ni Jumanne," akasema. "Nipeleke Pizza Inn."

Sasa nyinyi mnaonifuata tangu sehemu za mwanzo mnajua mamangu alipata kiharusi kidogo mwaka jana, mwezi wa nane. Nimewahi kuwaeleza dalili, lakini sikuwaambia ilivyokuwa. Alikuwa jikoni kwangu anakoroga chai. Kijiko kikaanguka. Akainama kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, nimetoka zamu. Aliyeniamsha ni binti yangu wa miaka mitano. Akanivuta shuka, akasema, "Mama, nyanya anaongea kama amelala."

Tulifika hospitali mapema, na maneno yake yalirudi siku hiyo hiyo. Mkono nao ukarudi. Presha tulikuta 190 juu, 110 chini. Alikuwa ameacha dawa wiki tatu, eti anajisikia vizuri. (Mama, kama una mzazi wa presha, usimuulize kama anakunywa dawa. Atakuambia ndiyo. Hesabu vidonge.)

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilinyamaza kwenye simu alipotaja pizza.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Tulikulia Umoja, Nairobi, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili. Mamangu ni mtu wa Mombasa, ni fundi wa nguo, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Pesa ya sare haiji kila mwezi. Enzi hizo ilikuwa inakuja shule zikikaribia kufunguliwa, yaani Januari, Mei na Septemba, na baada ya hapo mnaishi kwa kushona zipu na kupunguza marinda. Mara tatu kwa mwaka, basi, mamangu alikuwa na pesa mkononi, na mara hizo tatu alikuwa anaenda tao kununua vitambaa Biashara Street. Alikuwa anachagua Jumanne. Sisi watoto tulidhani ni siku ya vitambaa. Kumbe Jumanne Pizza Inn wana ile ofa yao, unanunua moja unapewa ya pili.

Tulikuwa watatu, mimi na ndugu zangu wawili. Tunapanda matatu, tunapita Jogoo Road, tumevaa viatu vya kanisani. Mamangu anamaliza vitambaa vyake kwanza, anabishana bei mpaka miguu inatuuma, halafu ndio tunaingia. Na pale ndani, jamani! Kuku huku, pizza kule, aiskrimu ya Creamy Inn upande mwingine, pai za Bakers Inn, yote chini ya paa moja. Mimi niliamini kabisa ni kitu cha Marekani. Nilikuwa mkubwa nilipojua hawa jamaa wametoka Zimbabwe, duka lao la kwanza la Chicken Inn lilifunguliwa Harare mwaka 1987. Na Steers, ambako jirani yetu mmoja alikuwa anajigamba kupeleka watoto wake, ni ya Afrika Kusini. Utoto wangu wote nilikuwa nakula Afrika nikifikiria naonja ng'ambo.

Mamangu alikuwa anatucheka. Anasema nyinyi mna Pizza Inn, sisi tulikuwa na Wimpy, na babenu alinipeleka pale mara mbili kabla ya kuja nyumbani kuposa. Mpaka leo akitaja Wimpy anarekebisha leso kichwani.

Sasa sikiliza hii, ndiyo iliyonifanya niandike. Pizza zinakuja mbili. Tunafungua moja. Vipande vinane, watu wanne, viwili viwili. Maji tulikuwa tunatoka nayo nyumbani kwenye chupa. Boksi la pili halifunguliwi. Mamangu analifunga na ule uzi wanaofungia vitambaa, analipakata kwenye matatu mpaka Umoja. Harufu inajaza gari, abiria wanageuka, na sisi tumekaa kama watoto wa waziri.

Tukifika, anaosha mkasi. Ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Anakata kila kipande mara mbili, vinakuwa kumi na sita, anaita watoto wa ploti wanapanga laini. Mimi nikiingia kwenye laini ananitoa. "Wewe umekula tao." Nililia siku moja mpaka mama wa chumba cha nane akanipa nusu ya kipande cha mwanawe, na mamangu akamrudishia.

Ndio hivyo. Vipande viwili, mara tatu kwa mwaka. Vipande sita. Nimefanya hesabu hii Jumanne iliyopita nikiwa nimeshika usukani, na nilibaki kimya mpaka gari la nyuma likapiga honi.

Kwa sababu hesabu ya pili ni hii. Mwaka jana, kabla ya mamangu kuugua, nilikuwa zamu ya usiku miezi mfululizo. Yeye alikuwa amekuja kunishikia watoto. Mimi nikiamka saa kumi jioni sina nguvu ya kupika, na nina saa mbili tu kabla ya kutoka tena. Basi simu. Unabonyeza, pikipiki inafika. Pizza hapa, baga pale, kuku na chips kesho kutwa. Nilikuwa najiambia watoto wafurahi, mama yao hayupo usiku. Nilikuwa nailipia kutokuwepo kwangu, kusema kweli. Watoto wanakula vipande viwili wanachoka, na mamangu, mtu aliyekulia kutotupa chakula, anamalizia asubuhi na chai.

Alipolazwa nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na maboksi. Binti yangu alikuwa anayaweka achore kwa ndani. Niliyahesabu. Kumi na moja. Juu ya moja alikuwa amemchora nyanya yake ana kichwa kikubwa na pete masikioni.

Sitakuambia kwamba pizza ndiyo ilimpa mamangu kiharusi. Presha anayo miaka kumi, na dawa aliziacha mwenyewe. Lakini mimi ni nesi. Ninajua mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo, cha vyakula vyote pamoja. Ninajua kwenye pizza chumvi iko kwenye unga, iko kwenye jibini, iko kwenye sosi, na ukiweka soseji au salami umeongeza juu ya ile. Vipande vitatu au vinne vinaweza kumaliza chumvi ya siku nzima kabla hujagusa sukuma. Ninawaambia wagonjwa haya kila wiki. Na pikipiki ilikuwa inaleta mlangoni kwa mamangu, imelipiwa na mimi.

Baada ya hapo nikageuka askari. Nilificha kopo la chumvi. Royco nilitupa. Nikawa nampigia kutoka wodini, umekula nini, umeweka nini. Alirudi kwake Umoja mwezi wa kumi, akasema amemiss mashine yake ya kushona. Nilimwamini. Nilitaka kumwamini.

Tuendelee na Jumanne.

Nililala saa nne, nikawachukua watoto, nikampitia. Alikuwa amesimama getini na viatu vya kanisani. Tao hakukubali kwenda matawi ya karibu, alitaka tao. Tukaingia. Nikaagiza moja ya mboga, moja ya kuku, nikaomba zisiongezwe jibini. Kwa watoto maji. Hapo sikuona aibu, na wewe usione. Soda ya nusu lita ya kola ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai, na mtoto akizoea kwamba kutoka ni soda, utatoka na vita kila mara. Mdogo wangu ana miaka miwili, yeye nilimkatia kipande chake vidogo vidogo, akala akiwa amekaa kitako, si akizunguka meza. Ukimwagizia yenye soseji, zile duara zikate kwa urefu, maana ndizo zinazoziba koo la mtoto vizuri kabisa. Na mtoto ambaye hajafika mwaka, mwache, huyo mletee ndizi yake kutoka nyumbani.

Haya, hayo niliyafanya vizuri. Nililokosea ni kwamba sikunyamaza.

Mamangu kachukua kipande cha kwanza, mimi macho yako mkononi mwake. Kachukua cha pili. "Mama, hicho cha mwisho, sawa?" Kagusa sosi ya mezani. "Mama, hiyo ina chumvi." Nikasogeza chupa upande wangu. Binti yangu naye akaiga, "Nyanya, ina chumvi!"

Mamangu akaweka kipande chini. Akapangusa vidole kimoja kimoja na karatasi, taratibu, kama mtu anayejiandaa kupima kitambaa.

"Mwanangu," akasema, "leo nimekuja na binti yangu ama nimekuja na nesi wa kliniki? Maana yule wa kliniki hunipa kiti kwanza, hunisalimia, halafu ndio anigombeze."

Nikataka kujibu. Sikuwa na jibu.

"Nilivyotoka kwako," akaendelea, "unafikiri ni mashine? Nilitoka kwa sababu kila nikifungua mdomo kula, unaniangalia kama ninakufa. Mimi sijafa. Dawa nakunywa, nina kiboksi chake cha siku saba, njoo uhesabu. Lakini nataka kula na nyinyi."

Mama, mimi nimeona watu wengi wakilia wodini, na ninajua kuwashikia karatasi. Mwenyewe nililia mbele ya watoto na boksi la pizza, na binti yangu akanipa karatasi ya mezani yenye sosi.

Nilimwambia kuhusu maboksi kumi na moja. Sikuwahi kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na nani alikuambia mimi sikujua kupika? Nilikuwa na mikono miwili. Na mimi nilikuwa napenda ile pikipiki ikija." Akacheka kidogo. "Ilikuwa inanipigia honi kama mtu mkubwa."

Hakuna aliyesamehewa wala kulaumiwa. Tulikula tu. Alikula vipande viwili, akasimama hapo mwenyewe. Asubuhi ya pili alinipa mkono wake nimpime, bila kuombwa, na nilipoangalia namba akaniuliza, "Umeridhika?" Nilikuwa nimeridhika, ila niliandika tu kwenye kitabu chake.

Lakini nimeruka jioni ile, na jioni ndiyo niliyotaka kufika.

Tulipomaliza, boksi la pili lilikuwa mezani, halijafunguliwa. Nilidhani analibeba Umoja. Akasema analala kwangu. Akatoa uzi kwenye mkoba, ndiyo, alikuwa amekuja na uzi, akalifunga, akalipakata kwenye gari mpaka nyumbani, na watoto wangu nyuma wanaimba.

Kwetu tunakaa ghorofa ya tatu. Mlango ulio mkabala na wangu, siku kadhaa zile nilikuwa nasikia kichanga analia mchana ninapojaribu kulala. Nilikuwa naweka mto kichwani. Hao watu wamehamia karibu mwaka, na jina lao sikuwa nalijua. Ninawajua kwa viatu vyao mlangoni.

Mamangu hakuenda kwenye mlango wangu. Alienda kwa ule mwingine. "Hodi!" Nikamvuta leso, "Mama, watu wamelala." "Saa kumi na mbili?" akasema, akagonga tena.

Akafungua msichana mdogo, leso kifuani, macho mekundu, mtoto begani. Hajafika wiki mbili yule mtoto, niliona tu.

"Mwanangu, sisi majirani zako," mamangu akasema. "Leo ni Jumanne."

Yule msichana akaangalia boksi, akaangalia mamangu, halafu akaniangalia mimi. Kadi yangu ya kazi ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkoba tangu asubuhi.

"Wewe ndiye nesi?" akauliza. "Nimekuwa nikitaka kukuuliza kuhusu kitovu cha mtoto. Kinatoa harufu. Kila nikikuona unapita unakimbia, nikaogopa kukusumbua."

Kabla sijajibu, mamangu alikuwa ameshavua viatu na kuingia, anauliza mkasi uko wapi.