Kofia ya Viua

Yuko mzee mmoja wa Lamu, karani aliyestaafu, akaaye Kileleshwa, Nairobi. Kofia yake ya viua imechakaa. Weupe wake umegeuka manjano. Wanawe wamemnunulia mpya, iliyoshonwa kwa cherehani. Aliipokea kwa shukrani, akaiweka kabatini.

Ile kuukuu aliidarizi marehemu nduguye kwa mkono, tundu baada ya tundu, kwa miezi mingi. Mzee huifua mwenyewe, akaitia wanga, akaianika kivulini juu ya bakuli isipoteze umbo. Lakini kila aifuapo nyuzi hupungua, wala hawezi kuivaa chafu. Basi sasa huivaa Ijumaa tu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.