Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Faili la .bashrc

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umeanza kazi ya kusimamia seva, nami nimefurahi mno. Nakujibu kuhusu faili la .bashrc ulilonitumia nilitazame.

Nimelisoma lote. Sehemu kubwa ni mistari uliyonakili kwa watu, na sidhani kama unaweza kunieleza kazi yake. Ifute. Kila unapofungua terminali, Bash hutekeleza yote yaliyomo humo kwa mamlaka yako wewe, na chochote unachoweza kukifuta wewe, mistari hiyo nayo inaweza kukifuta. Anza na michache unayoijua, na juu ya kila mmoja, baada ya alama ya reli, eleza kwa nini umeuweka.

Unalalamika kwamba ukiingia kwenye seva kwa SSH, mipangilio yako haionekani. Hukukosea kuandika, ila mahali ndipo sipo. Mtu anapoingia kwenye akaunti, Bash husoma kwanza /etc/profile, kisha hutafuta .bash_profile, ikiikosa, .bash_login, ikiikosa nayo, .profile. Ikishapata moja haiendi kwa nyingine. .bashrc haimo katika orodha hiyo. Weka basi mstari huu ndani ya .bash_profile:

[ -f ~/.bashrc ] && . ~/.bashrc

PATH nayo iweke humo humo, kwa kuwa programu utakazoanzisha baadaye huirithi. Vifupisho vya amri havirithiwi, kwa hiyo mahali pake ni .bashrc. Na unapoongeza folda yako, andika hivi:

export PATH="$HOME/bin:$PATH"

Ukisahau ile $PATH ya mwisho, utaandika ls uambiwe amri haipo. Usitaharuki. Andika /bin/ls nayo itaitika, kisha urekebishe faili.

Kwenye Mac yako usihangaike na .bashrc. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, akaunti mpya hupewa Zsh, inayosoma .zshrc.

Kuna kifupisho kimoja ambacho sikipendi kabisa: alias rm='rm -i'. Utazoea kuulizwa kabla ya kufuta, halafu siku moja utakuwa kwenye seva ya mteja isiyo na kifupisho hicho, na rm haitakuuliza neno. Kiite futa. Ukifika pasipo na futa, utaambiwa amri haipo, na hakuna kitakachopotea.

Kabla ya kufunga terminali uliyofanyia mabadiliko, endesha bash -n ~/.bashrc ikague sarufi, kisha fungua dirisha la pili ujaribu. La kwanza liache wazi mpaka uridhike. Faili zenyewe zihifadhi kwenye folda moja inayosimamiwa na Git, uziunganishe na folda yako ya nyumbani kwa ln -s. Ukipewa kompyuta nyingine, mipangilio yako itakufuata.

Lakini siri zisiingie humo. Zitenge kwenye faili lake, ulifunge kwa chmod 600, na Git isiliguse. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika faili ulilonitumia nimekuta tokeni ya kazini kwenu. Kuufuta mstari hakutoshi, maana kama ulishaliweka kwenye Git, historia yake huutunza, na mimi mwenyewe nimeshauona. Mwone msimamizi wako, muibatilishe tokeni hiyo leo, kabla hujanijibu barua hii.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.