Mwendo wa Mazungumzo

Mwanzo wa jambo una hila zake. Mtu huazimu safari ndefu akiwa kitini, na aliye kitini haoni uchovu. Ndivyo nilivyojiandikisha katika mashindano ya mbio za kilomita 10. Binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili na mkimbiaji wa shule yake, alinisihi tukimbie pamoja. Ahadi nilizompa zamani zilikuwa nyingi, na nilizotimiza zilikuwa chache. Hii nikaapa kuitimiza. Tulikuwa na majuma 12 ya kujiandaa.

Tulianza alfajiri ya Jumamosi katika bustani ya Mama Ngina, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa. Hapa joto halimsubiri mtu. Jua likipanda na hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho hutiririka pasipo kukauka, na mwili hukosa njia ya kujipoza. Kwa hiyo mkimbiaji mwenye busara hulitangulia jua. Nyuma yetu kilikuwa kivuko cha Likoni. Kuliani, mkondo ambao meli hupitia kuingia bandari ya Kilindini. Mbele, mibuyu mikongwe ilisimama kama wazee barazani.

Kichwani mwangu nilikuwa na picha moja. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 katika bustani ya Prater, mjini Vienna. Siku nane baadaye taifa liliadhimisha Siku ya Mashujaa katika bustani hii hii niliyosimama. Picha hiyo ilinilevya. Nikaondoka kama mshale, nikamwacha binti yangu nyuma, nikajiona shujaa.

Ushujaa wangu haukufika mbali. Kabla ya mbuyu wa tatu mbavu zilinichoma, pumzi ikanipaa, miguu ikawa mizito kama nanga. Nikasimama, mikono magotini. Binti yangu akanifikia kwa mwendo uleule alioanza nao.

"Baba, umeumia?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari ulimini: mguu umeteguka. Kwa neno hilo ningeokoa heshima yangu na kuvunja ahadi yangu kwa pamoja, wala hakuna ambaye angenilaumu. Lakini alinitazama kwa jicho la mtu aliyezoea kupewa udhuru. Jicho lile lilinishinda.

"Sikuumia, mwanangu," nikasema. "Nimekimbia kwa majivuno."

Hakucheka. "Mwalimu wetu husema siku za mwanzo tukimbie mwendo wa mazungumzo. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umezidisha."

Kauli ile ilikuwa na hekima. Moyo na mapafu huzoea kazi polepole, na kano na mifupa huzoea polepole zaidi; anayeviharakisha huviumiza. Hata zile saa mbili pungufu za Vienna zilisimama juu ya miaka mingi ya mazoezi na subira. Mimi nilitamani paa bila ya msingi.

Tukaanza tena, tukikimbia dakika mbili na kutembea dakika moja. Tulimwamkia mzee mwenye bakora, "Shikamoo, mzee," naye akapata nafasi ya kuitikia, "Marahaba, wanangu," kabla hatujampita. Hivyo ndivyo kasi yetu ilivyokuwa.

Na kwa kuwa pumzi ilitosha, maneno yalikuja. Binti yangu alinieleza kwamba alishindwa mtihani wa hisabati, na kwamba karatasi ile ameificha mwezi mzima.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

Alipiga hatua kadhaa kimya. "Kila nilipotaka kusema, Baba, ulikuwa ukienda haraka."

Sikuwa na jibu. Meli ya shehena iliingia mkondoni taratibu; tuliiacha itupite.

Jioni ile tuliketi mezani na karatasi ya hisabati. Majuma 12 yalipotimia tulimaliza kilomita 10 bega kwa bega, miongoni mwa watu wa mwisho, na hatukuona haya. Basi, kijana msomaji, siku utakapoanza mazoezi usijiulize kwanza una kasi gani. Jiulize kama una pumzi ya kumjibu aliye kando yako.