Kariakoo, Barazani kwa Fundi Cherehani

Ukishuka kutoka katika basi kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, jijini Dar es Salaam, na kuelekea upande wa soko, usiwe na haraka. Kariakoo ni mahali pa kupita polepole, macho yakiwa wazi na mkono ukiwa juu ya mfuko. Katika Mtaa wa Uhuru utaona maduka yaliyojaa khanga na vitenge mpaka darini, na barazani utasikia vyerehani vikinguruma. Hapo ndipo familia nyingi za wafanyakazi hushonesha nguo za Idi, za Krismasi, za harusi, na sare za watoto wa shule. Na hapo hapo ndipo ugomvi mwingi wa malipo huzaliwa.

Jina lenyewe la mahali hapa lina deni ndani yake. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, yaani kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maelfu ya wapagazi hao waliangamia kwa maradhi na uchovu, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia kamwe jamaa zao. Kwa hiyo mtu kutoa jasho lake, au fedha yake, kisha akaikosa haki yake, si jambo geni katika mitaa hii.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amenunua kitenge, amempelekea fundi, na ametanguliza nusu ya ujira. Fundi amemwambia, “Njoo Ijumaa, mama.” Ijumaa inafika, anaambiwa kesho. Siku moja kabla ya Idi gauni liko tayari, lakini linabana kwapani na mkono mmoja ni mfupi. Fundi anadai nusu iliyobaki. Mama anadai thamani ya kitambaa chake. Wapita njia wanajaa, na kila mmoja anakuwa hakimu. Je, nani mwenye haki?

Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, iliyoanza kutumika mwaka 1961, ilifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika hapa Tanganyika kabla yake. Na katika sheria hiyo ya India ametajwa fundi cherehani kuwa mfano! Fundi aliyetimiza kazi kama alivyoagizwa anaruhusiwa kuizuia nguo mpaka alipwe. Lakini kama aliahidi kuikabidhi nguo mara itakapokwisha, na kumpa mteja miezi mitatu ya kulipa, hana ruhusa ya kuizuia. Nguo ni ile ile na fundi ni yule yule; kilichobadili haki ni mapatano yao ya mwanzo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Fundi aliyeharibu kitambaa, au aliyeshindwa kutimiza ahadi, amevunja mkataba, naye anawajibika kufidia hasara iliyotokana na kosa lake. Lakini fundi naye ni mfanyakazi. Mteja anayeagiza suti, ikashonwa vizuri, kisha akaitelekeza miezi mitatu ikining’inia ukutani, naye anamdhulumu mwenziwe.

Tuingie sasa madukani. Mara nyingi utakuta tangazo ukutani au maandishi chini ya stakabadhi: “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Wengi wetu tukiyasoma maneno hayo hunywea. Ni kweli kwamba mnunuzi aliyebadili nia tu, kwa kuwa rangi haikumpendeza mumewe, hawezi kumlazimisha mwenye duka. Lakini bidhaa mbovu ni jambo jingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na tangazo la ukutani haliwezi kuifuta. Vivyo hivyo, ukishuku kwamba kitambaa kimepunjwa katika kupimwa, iko Wakala wa Vipimo, iliyoundwa mwaka 2002.

Ugomvi ukizuka, usianze kwa matusi. Nenda na stakabadhi yako, zungumza na mwenye kazi, kisha ofisi ya serikali ya mtaa iwasuluhishe. Ikishindikana, iko Mahakama ya Mwanzo, ambako mwananchi hujieleza kwa Kiswahili pasipo kulazimika kuwa na wakili. Malalamiko juu ya bidhaa mbovu au udanganyifu wa wauzaji hupokewa na Tume ya Ushindani.

Lakini njia hizo zote zahitaji ushahidi, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi moja yatosha: bei, kiasi kilichotangulizwa, urefu wa kitambaa, na siku ya kuchukua nguo. Kisha, kabla hujafungua pochi, muulize fundi swali moja kwa upole: “Kazi isipokuwa tayari siku hiyo, tutafanyaje?” Jibu lake liandikwe pale pale, nanyi nyote wawili mtie sahihi.