Isaka hadi Rusumo: kumbukumbu za karani wa shehena

Mapokezi ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi magharibi mwa Tanzania hayakuanzia mpakani. Yalianzia Isaka, stesheni ya reli ya Tabora–Mwanza katika Mkoa wa Shinyanga, karibu kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Hapo ndipo shehena ya Rusumo huagana na behewa na kupanda lori. Barabara hupita Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Runzewe hadi njiapanda ya Nyakanazi; mkono mmoja huenda Lusahunga, Ngara na daraja la Rusumo mpakani na Rwanda, mwingine huteremka Kakonko na Kibondo. Mwaka 1994 ukanda wote wa Isaka hadi Ushirombo ulikuwa ndani ya wilaya moja kubwa ya Kahama. Leo Isaka iko Msalala, nayo Masumbwe, Ushirombo na Runzewe zimo katika Mkoa wa Geita, ulioanzishwa 2012.

Aliyeandika kumbukumbu hizi alikuwa karani wa shehena katika maghala ya Isaka, mwenyeji wa Kahama. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: magunia yaliyoshuka kwenye behewa, yaliyopanda lori, yaliyochanika na yaliyolowa. Ni kazi isiyotajwa katika habari za wakimbizi, na hilo ni kosa, kwa sababu huduma nyingine zote za kambini zilisubiri idadi iliyotoka kwenye daftari lile. Daktari hawezi kumtibu mtoto mwenye utapiamlo ikiwa mgao haukufika. Mwalimu hawezi kufundisha darasa lenye njaa.

Wimbi la kwanza lilikuwa la Warundi. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia nchi, baadhi yao wakiingia Kigoma na Kagera. Mashirika ya misaada yalifika Ngara kwa ajili yao na kuleta chakula, mahema na mabomba ya maji. Ndiyo maana tarehe 28 Aprili 1994, Wanyarwanda walipoanza kuvuka Rusumo, palikuwa na akiba kidogo ya kuanzia. Katika saa 24 hivi walivuka watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni, nao kwa siku chache wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Walielekezwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kwa sababu palikuwa na maji. Baadaye ziliongezeka kambi nyingine, zikiwemo Lumasi, Musuhura na Lukole.

Hesabu ya chakula inaonyesha kwa nini uratibu haukuwa suala la mikutano peke yake. Watu 250,000 wakipewa nusu kilo kila mmoja kwa siku, zinahitajika tani 125. Lori lenye trela likibeba tani 30, hayo ni malori manne na zaidi kidogo kila siku iendayo kwa Mungu. Lakini lori halirudi siku ileile. Likichukua siku nne kupakia, kwenda, kushusha na kurudi, lazima malori kama 17 yawe njiani muda wote bila hata moja kuharibika. Watu wakiongezeka maradufu, na malori huongezeka maradufu. Na lori lililokwama kwenye tope la masika huyazuia yaliyo nyuma yake. Behewa nalo lina masharti yake. Likichelewa kushushwa halirudi bandarini, na meli iliyofunga gatini hukosa mabehewa. Kwa hiyo kuli wa Isaka aliyeshusha mzigo usiku, kwa mwanga wa taa za lori, alikuwa akiifungua njia mpaka Dar es Salaam.

Ghalani utaratibu ulikuwa mmoja. Magunia hupangwa juu ya vichaga vya mbao ili yasinyonye unyevu wa sakafu, kwa mafungu yanayohesabika kirahisi, na kati ya fungu na fungu huachwa njia ya mtu kupita. Gunia linaloshukiwa huchomwa kwa bambo ili nafaka ya ndani ionekane. Lililochanika hupimwa upya kwenye mizani na kushonwa. Kila lori huondoka na hati ya mzigo, na hati hiyo hurudi ikiwa na saini ya mpokeaji wa kambini. Karani alishika kanuni moja bila kulegeza: hati isiyorudi ni mzigo usiofika, hata dereva aape vipi. Utingo angeweza kuja asubuhi na kusema, “Shikamoo mzee, gari letu limelala hapa tangu juzi.” Angeitikiwa marahaba kwa heshima zote, na bado angesubiri hati ya safari iliyopita. Ukali huo haukuwa wa ofisini tu. Pengo la magunia kumi Isaka ni kaya kadhaa zinazoambiwa Benaco kwamba mgao umekwisha.

Mahindi ya njano yalipoonekana kwenye mabehewa, watu wa makamo wa Kahama waliyatambua mara moja. Walikuwa wameyala katika miaka ya njaa, wakauita ugali wake ugali wa Yanga. Kwao haikuwa vigumu kuelewa maisha ya kungoja gunia la serikali. Tatizo la mahindi hayo kambini lilikuwa jingine: yalifika yakiwa punje. Mkimbizi asiye na kinu wala pesa ya mashine alilazimika kuuza sehemu ya mgao ili asagiwe iliyobaki, au kuyachemsha kwa kuni nyingi. Kuni hizo zilitoka kwenye misitu ya vijiji vya Ngara. Hivyo uamuzi uliofanywa mbali sana, wa kutuma punje badala ya unga, uliishia kwenye ugomvi kati ya mwenyeji na mgeni juu ya mti. Karani alipopata nafasi ya kuongoza msafara hadi Benaco na kuona vilima vilivyonyolewa, ndipo alipoanza kuandika kwenye ripoti zake ombi la unga, na aliliandika tena kila mwezi.

Uratibu wa Ngara ulisifiwa kuliko wa Goma, upande wa Zaire, na sifa hiyo ilikuwa ya haki. Serikali na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, hawakuruhusu kila shirika lililotua lijichagulie kazi. Mashirika yalichujwa, na kila lililobaki likapewa eneo lake: hili maji, hili afya, hili usimamizi wa kambi, hili ugawaji. Chakula kilikuwa cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kilikuwa na watu wanaojua nchi na lugha. TCRS, huduma ya Wakristo kwa wakimbizi iliyokuwapo tangu 1964, ilileta uzoefu wa makazi ya Warundi wa 1972 kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Juu yao alikuwapo mkuu wa kambi, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Kila mmoja alijua amwulize nani, na hilo likaokoa siku nyingi.

Nguzo nyingine hazikuwa na nembo. Wahangaza na Washubi wa Ngara husema lugha zinazosikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Vijana wao ndio waliosimama kwenye foleni za kuandikishwa, wakatafsiri malalamiko ya mama mjamzito kwa mganga asiyejua neno. Hospitali ya Murgwanza, ya Kanisa la Anglikana, iliyojengwa kwa mahitaji ya wilaya moja, ilipokea wagonjwa wa kambi zilizowazidi wenyeji. Vijiji vilitoa chakula katika siku za mwanzo, kabla ya msafara wowote kufika. Mwaka 1995 Radio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la wakimbizi, ilianza kurusha matangazo kutoka Ngara, na taarifa za mgao, chanjo na watoto waliopotezana na wazazi zikapata njia ya kufika haraka.

Njiani nako palikuwa na huduma. Mamantilie wa Kahama, Masumbwe na Runzewe walipika kwa saa za misafara badala ya saa za mlo. Mafundi wa springi na magurudumu walihamia barabarani. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka ukanda huohuo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng’ombe, ulijua kila uchochoro ambao gunia lingeweza kupitia. Tena hawa walikuwa watu waliozoea ugeni wa ghafla. Karibu na Bulyanhulu maelfu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wamefika bila kualikwa na mtu, na vibanda, visima, maduka na maduara vikachipuka porini kwa muda wa miezi. Mkazi wa machimboni anajua kwamba watu wengi wakitua pamoja, kitu cha kwanza kuwatenganisha na kifo ni maji safi na choo, kisha chakula. Ujuzi huo haukuwahi kuulizwa rasmi katika kikao chochote ambacho karani alihudhuria, nao ungesaidia.

Katika kugawa, jambo moja lilijifunzwa kwa gharama kubwa. Mwanzoni chakula kilipitia viongozi wa wilaya ndogo za Rwanda, ambao walikimbia pamoja na watu wao na kuwapanga kambini kama walivyowatawala nyumbani. Baadhi yao walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Waliotoa orodha ya watu ndio waliopokea chakula, na orodha zikavimba. Aliyeshika gunia alishika watu. Ilibidi kuhesabu upya na kusogeza ugawaji karibu na kaya, kadi mkononi mwa familia. Kwa mtu aliyefanya kazi ya hesabu hili ndilo somo zito kuliko yote: swali la nani anahesabu ni la kisiasa tangu siku ya kwanza, na chakula kilichofika salama Isaka kinaweza kuwa silaha Benaco.

Gharama kwa wenyeji ilikuwa kubwa. Mashamba yaliyo jirani na kambi yaliibiwa, bei zikapanda, barabara zikachimbika. Wauguzi na walimu wa serikali waliacha vituo vyao kwenda kwenye mishahara ya mashirika, na zahanati ya kijiji ikabaki na mhudumu mmoja huku ng’ambo ya kilima kukiwa na kliniki yenye dawa zote. Kwa upande wa pili, mkulima aliuza ndizi na maharage kuliko wakati wowote, na maelfu ya vijana walipata ajira yao ya kwanza. Mtendaji wa kijiji, ambaye alibeba yote mawili, mara nyingi hakuwa na kiti kwenye kikao cha uratibu. Alipaswa kuwa nacho kabla ya wageni wengi waliokuwa nacho.

Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda warejee kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Wengi walirudishwa kupitia Rusumo ileile, chini ya usimamizi wa jeshi na polisi, na maelfu waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi waligeuzwa njiani. Shehena ya Isaka haikukoma, kwa kuwa Warundi walibaki na Wakongo walikuwa wakiingia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba mwaka huo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata Reli ya Kati, na mafuriko ya kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakaikata tena. Kila mara Isaka iligeuka uwanja mtupu na mzigo ukahamia barabarani kwa gharama kubwa zaidi. Sheria nayo ilibadilika. Ile ya wakimbizi ya 1998 ilikaza masharti ya kuishi kambini, na hali ya vijiji kumkaribisha mgeni na kumpa shamba, iliyozoeleka enzi za Mwalimu Nyerere, ikafifia. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwatoa Kagera, Kigoma na Geita watu wengi wasio na karatasi, wakiwemo waliokwisha kuoa na kuzeeka katika vijiji hivyo.

Warundi walipokimbia tena mwaka 2015, karani alihamishiwa Kibondo, mkono wa pili wa njiapanda ya Nyakanazi. Nyarugusu ilijaa kupita kiasi, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016. Utaratibu wa kupokea ulikuwa umekomaa. Aliyevuka mpaka alisubiri kwenye kituo cha mapokezi, akapata chakula kilichopikwa, akapimwa afya, mtoto akachanjwa, kaya ikaandikishwa, ikapewa turubai, blanketi, ndoo na sufuria, kisha ikapandishwa basi kwenda kambini. Mtoto asiye na mzazi alitengwa kwenye foleni yake ili atafutiwe jamaa au familia ya kumlea. Nyuma ya kila hatua palikuwa na kitu cha wilaya: jokofu la chanjo, gari la wagonjwa, afisa ustawi wa jamii, fundi wa pampu. Siku jokofu hilo lilipokosa umeme, foleni nzima ya watoto ilisimama.

Soko la pamoja nje ya kambi, ambako mwenyeji na mgeni waliuziana, lilikuwa huduma iliyofanya kazi kubwa kwa fedha ndogo. Mkimbizi alibadili maharage kwa mboga, mwenyeji akapata mafuta na sabuni kwa bei nafuu. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji, na katika miaka hiyo masoko hayo yakafungwa. Wakimbizi wakategemea mgao peke yake, ambao kiasi chake hufuata michango ya wafadhili na kilipunguzwa mara kwa mara. Urejeaji wa hiari wa Warundi ulianza kwa utaratibu maalumu Septemba 2017. Mtendeli ilifungwa 2021 na wakazi wake waliobaki wakahamishiwa Nduta. Kambi inapofungwa, kazi ya mwisho ya mratibu ni makabidhiano. Visima, majengo ya zahanati na barabara za ndani huandikwa kimoja kimoja, na halmashauri hutia saini kuvipokea. Kisima kikikabidhiwa pamoja na fundi aliyefunzwa na bajeti ya vipuri, kijiji huendelea kuteka maji. Kikikabidhiwa kwa karatasi tu, pampu ikiharibika akina mama hurudi mtoni.