Njaa ya Mkesha

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami, mwanafunzi wa uzamili, niliifasiri methali hiyo nitakavyo: mtaka shahada sharti akeshe. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nilifundisha Kiswahili mchana katika shule moja ya upili mjini Homa Bay, na usiku nikaandika tasnifu yangu. Nilikuwa nikilala saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Wenzangu waliponijulia hali nilijibu kwa fahari, "Nakesha." Nao waliniheshimu kwa jibu hilo, maana miongoni mwetu wanafunzi kukesha ni sifa na kulala ni aibu.

Hata hivyo, mkesha wangu haukuja peke yake. Kila ilipokaribia saa sita usiku njaa ilinivamia, ilhali saa mbili nilikuwa nimekula ugali na sukuma wiki nikashiba. Tena haikuwa njaa ya kutaka chochote kile. Mboga zilizobaki sufuriani sikuzitazama. Nilitamani maandazi, pamoja na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Mama muuza maandazi wa jirani alinizoea hata akawa ananiwekea sita kila jioni. Kabla tasnifu haijafika sura ya tatu, suruali zangu mbili zilikuwa hazifungiki kiunoni. Mwalimu mwenzangu alinipongeza: "Mwalimu, mshahara umekukubali!" Tukacheka.

Kicheko hicho kilikoma nilipokwenda nyumbani likizo ya Agosti. Kwetu ni ufuoni mwa Ziwa Victoria, karibu na Sori, katika Kaunti ya Migori. Mama yangu huchuuza omena, samaki wale wadogo ambao ndugu zetu Watanzania huwaita dagaa. Omena huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa taa za wavuvi ndizo zinazowavuta samaki hao hadi nyavuni. Mwezi ukiangaza, taa hupungukiwa na nguvu. Hivyo basi, aishiye kwa omena huishi kwa giza. Mama huamka saa tisa usiku kuzingoja mashua. Pale ufuoni yeye na wenzake huzuia baridi na usingizi kwa chai na chapati. Kukicha hununua, huanika, hugeuza, na wingu likitanda hukimbia kuanua. Mchana nao hauna usingizi.

Tangu utotoni mwangu tulizoea jambo moja pale nyumbani. Katika miezi ya Aprili hadi Julai, serikali ilipokuwa ikifunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane, mama alipungua mwili. Msimu ulipofunguliwa, alinenepa tena. Sisi watoto tulilieleza jambo hilo kwa hesabu rahisi: pesa zikiingia, mtu hunawiri, zikikatika, hukonda. Hakuna aliyewahi kusema kwamba miezi ile ya ukata ndiyo pia miezi ambayo mama alilala hadi jogoo wa mwisho.

Agosti hiyo nilimsindikiza hadi zahanati kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akanyamaza, akampima tena. "Mama, presha iko juu. Usiku unalala kwa saa ngapi?"

Mama alicheka. "Nyathina," akamjibu, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "nikilala, nani atangoja mashua?"

Muuguzi akanigeukia. "Na wewe, mwalimu?" Akanipima mimi pia. Sijatimiza miaka thelathini, lakini kipimo changu hakikumpendeza. Mama alikuwa na mashua za kusingizia. Mimi sikuwa na jibu.

Niliporejea chuoni nilisoma makala za fani isiyo yangu. Mnamo mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu vijana 12 wa kiume wenye afya njema. Ikilinganishwa na walipolala kwa saa 10, vijana hao waliporuhusiwa saa 4 tu kwa siku mbili, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba mwili umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, homoni inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Hamu yao ya kula iliongezeka, hasa hamu ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Hapo niliyakumbuka maandazi yangu sita. Usingizi haba huvuruga pia kazi ya insulini mwilini, na ukidumu kwa miaka huandamana na unene, kisukari na shinikizo la juu la damu.

Sisi wanafunzi wa lugha tungaliweza kulijua hili mapema. Kiswahili husema njaa inaniuma, usingizi umenishika. Kijaluo nacho husema *kech kaya*, njaa yaniuma. Katika sentensi hizo zote mtu ni mtendwa. Wanaotenda ni njaa na usingizi. Nami nilijidanganya kuwa nimeushinda usingizi, kumbe ulikuwa umebadili jina tu, ukanirudia kwa jina la njaa.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba tasnifu huandikwa usingizini. Nasema kwamba kukesha kwangu kulikuwa kwa hiari, na kwa sehemu kulikuwa kwa kutafuta sifa. Kukesha kwa mama ndiko kulikotulipia karo. Mama amekubaliana na mchuuzi mwenzake wapokezane zamu za kungoja mashua, naye humeza dawa zake kila siku. Usiku wa zamu yake bado huamka saa tisa, na bado nahofu.

Mimi sasa hulala saa nne. Suruali moja imeanza kufungika. Tasnifu imechelewa kwa muhula mmoja, na msimamizi wangu aliponiuliza sababu, nilimweleza ukweli: nilikuwa nimelala.