Dereva na Jicho la Tajiri

Nahodha wa zamani aliyetweka tanga Kilwa Kisiwani kwenda Uarabuni hakuwa na mtu wa kumwuliza njiani kwa nini alitia nanga. Tajiri wake alikaa pwani akihesabu miezi ya msimu, na chombo kiliporudi, habari zote za safari zilikuwa katika kinywa cha nahodha mwenyewe. Aliyoyasema yalisadikiwa kwa kadiri ya heshima yake. Dereva wa lori apitaye leo katika barabara ya Lindi na Dar es Salaam hana uhuru huo, maana habari za safari yake hufika kabla yake.

Watu husema setilaiti humwona dereva. Neno hili halina ukweli. Setilaiti za Marekani, zisizopungua 24, huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kazi yao ni kutangaza wakati na mahali zilipo, mfano wa mwadhini aadhiniye bila kujua nani amesikia. Kijisanduku kilichofichwa chini ya usukani hupokea ishara za setilaiti nne au zaidi, hupima jinsi zilivyochelewa kufika, kikajua mahali kilipo. Kisha hupeleka habari kwa tajiri kwa njia ya simu. Mahali pasipo mtandao hunyamaza, lakini hakisahau. Mnara wa simu ukikaribia hukiri yote. Mchongezi, basi, hayuko mbinguni. Amepanda gari moja na mchongewa.

Haifai kukidhulumu kifaa hiki. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, huyaangalia mabasi ya mikoani kwa Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari, na basi lizidishalo kilomita 80 kwa saa hujulikana. Abiria aliyewahi kushika kiti kwa mikono miwili, huku akimsihi dereva kwa jina la Mungu, hatalilia uhuru uliopotea hapo. Matajiri wa malori nao wana kilio chao: dizeli iliyonunuliwa kwa fedha zao hunyonywa usiku kwa mpira, ikauzwa kwa madumu kando ya barabara.

Walakini yuko dereva mmoja, mzaliwa wa Tingi, aliyepatikana na jambo katika msimu wa korosho. Alikuwa akitoka Mtwara na shehena kwenda Dar es Salaam. Saa nane za usiku alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki dunia. Alimpigia msimamizi wake apate ruhusa. Simu iliita mpaka ikakata. Alipofika Tingi aliliegesha lori, magurudumu ya kushoto yakiwa chini ya lami, akakimbia nyumbani. Alimfunua mama yake uso, akamwombea dua, akawaachia ndugu zake mazishi, kwa kuwa mzigo wa watu haukuwa wake wa kuulaza. Dakika 47 zilipita.

Asubuhi karani alisoma mambo mawili: gari lilisimama Tingi dakika 47 pasipo ruhusa, na mafuta yalipungua lita 60 wakati huo huo. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Dereva alipoeleza habari ya mama yake, ofisi ilimsikiliza kama isikilizavyo wimbo wa zamani. Ofisi hiyo iliwahi kuwapa pole madereva waliozika mama zao mara mbili. Akakatwa mshahara na kuambiwa angoje barua ya kufukuzwa.

Aliyemwokoa alikuwa fundi mzee wa gereji. Alisema gari likiinama, mafuta tangini huenda upande mmoja, na kipimo hudanganya. Akataka isomwe na mistari iliyofuata, ambayo karani hakuona haja ya kuisoma. Kweli, lori lilipopanda lami tena, lita 60 zilirudi zote. Ikabaki dakika 47. Kwa hizo ikafunguliwa kamera, kwa sababu lori hilo lilikuwa na kamera mbili, moja ikitazama barabara na moja ikimtazama dereva.

Watu watano waliikusanyikia kioo. Wakamwona akipanda garini na kuwasha injini bila kuondoka. Akaweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakatikisika. Alilia kama mtoto aliaye gizani akiamini kwamba hakuna amwonaye. Kisha akajifuta kwa kofia, akatia gia.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alirudisha fedha, akatoa ubani, akamshika mkono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zisitumiwe kwa jingine. Kusudi la kamera ile lilikuwa kumlinda dereva na usingizi, na picha ilimtoa katika tuhuma. Ni vigumu kuonyesha mahali alipodhulumiwa. Lakini kijana mmoja wa ofisini alipomwamkia uani siku ile, alimwamkia kwa sauti ya upole usio wa kawaida, na dereva akatambua mara moja kijana yule ameona nini.

Hakuacha kazi, ana watoto. Ila kila afikapo Tingi huvua kofia yake, akaifunika kamera ya ndani mpaka nyumba ya mwisho ipite. Ofisini kengele hulia, karani huandika kosa, na mwisho wa mwezi hukatwa faini. Huilipa bila kuulizia.